Swali Aliloulizwa Eliya Pangoni

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za safari ya siku moja tuliyokwenda pamoja na rafiki zetu, kupanda mlima wa mawe katika nchi ya Isanzu, wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, ili kuyatazama mapango yake. Twalikwenda kwa furaha tu, kama watu waendao kutembea. Walakini tulirudi na neno zito mioyoni, wala hatuwezi kulinyamazia. Kabla hamjasoma maneno yetu, fungueni Kitabu cha kwanza cha Wafalme, msome mlango wa 18 tangu mwanzo hata mstari wa 16, kisha mlango wa 19 wote. Maneno yetu ni kama fimbo ya msafiri. Njia yenyewe imo katika kitabu hicho.

Twalikuwa watu saba: walimu wa Injili, wazee wa usharika, na vijana watatu wa kwaya. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Oktoba, wakati nchi imekauka, na ng'ombe wanakonda, na kila mtu anatazama mawingu. Tulichukua maji katika vidumu, na karanga, na michembe, na tochi mbili. Tulipofika chini ya mlima jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, na mawe makubwa yalionekana yamepangwa juu ya mengine, kana kwamba mtu ameyaweka kwa mkono. Jina la mlima hatutalitaja, na sababu yake mtaiona mbele.

Si adabu kupanda mlima wa watu bila kubisha hodi. Kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwa mzee mmoja akaaye karibu, mtu wa miaka mingi sana, tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mnakwenda kutafuta nini huko juu?" Kijana mmoja wetu akajibu kwa upesi, "Hatutafuti kitu, babu. Twakwenda kuangalia tu." Yule mzee akacheka, akasema, "Hakuna apandaye huko asiyetafuta kitu. Wengine hutafuta mali, wengine hutafuta mvua, na wengine hutafuta mahali pa kujificha. Nanyi mtajijua mkifika." Akatupa mjukuu wake atuonyeshe njia, nasi tukapanda.

Pango la kwanza

Pango la kwanza si shimo refu. Ni kivuli kikubwa tu chini ya jiwe lililoinama. Juu ya ukuta wake tuliona michoro ya rangi nyekundu: twiga, na pofu, na watu wembamba wenye miili mirefu, na chini yake alama nyingine nyeupe, zilizochorwa nyuma ya zile nyekundu. Tulisimama kimya muda mrefu. Ninyi mnaokaa nchi hizi mwaweza kudhani kwamba ni michezo ya wachungaji wa mbuzi, sivyo. Michoro ya namna hii inaonekana katika vilima vingi vya Singida, na Iramba, na Isanzu, na zaidi sana katika nchi ya Kondoa, ambayo mapango yake yaliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliinakili michoro ya huku katika miaka ya 1930, na mtaalamu wetu wa Tanzania, Fidelis Masao, alichimba katika mapango ya Isanzu, nalo moja liko Kirumi, akaona zana za mawe za watu wa kale, akaandika kitabu chake mwaka 1979. Watu hao walisaga jiwe jekundu, wakaichora mifugo ya Mungu, yaani wanyama wa porini, kabla ya mtama wa kwanza kupandwa katika nchi hii.

Kijana mmoja alichukua maji akataka kuyamwaga juu ya ukuta, ili rangi ing'ae, apate kupiga picha kwa simu yake. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia kwamba maji huiharibu rangi, na ya kuwa sheria ya nchi tangu mwaka 1964 inayalinda mambo ya kale. Kijana akaona haya, akayanywa maji yake.

Walakini tulipotazama chini, tuliona jambo la kusikitisha. Sakafu ya pango ilikuwa imechimbwa. Mashimo matatu, moja lapata kimo cha mtu, na udongo umetupwa ovyo mpaka umeifunika miguu ya watu wale waliochorwa. Yule mjukuu akatuambia kwamba walikuja watu usiku, na mganga wao, wakitafuta mali ya Wajerumani.

Habari hizi mmezisikia wote. Husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia katika vita vya 1914 hata 1918 walifukia masanduku ya dhahabu katika mapango, na kwamba alama za ukutani ni ishara za mahali pa kuchimba. Ndugu, fikirini. Dhahabu ilikuwako kweli, ilichimbwa Sekenke katika Iramba. Lakini walipozungukwa na vita, mwaka 1916, Wajerumani waliitumia kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora, wapate kulipa madeni yao. Mtu aliyebanwa na haja huitumia dhahabu yake. Haiweki pangoni ili mjukuu wa mtu mwingine aje kuiokota. Na michoro ile ilikuwapo kabla Mjerumani wa kwanza hajavuka bahari. Hata hivyo watu huuza mbuzi zao, hata shamba, ili kumlipa mganga asemaye kwamba mali iko hatua tatu zaidi. Na katika hao wamo waliobatizwa. Ndiyo sababu hatulitaji jina la mlima: tusije tukawa sisi tuliowaonyesha njia.

Pango la pili

Tulipanda tena kama saa moja. Pimbi walikuwa wakitukimbia juu ya mawe. Tukafika mahali penye mti mkubwa, na nyuma ya mti mlango wa pango, na mbele ya mlango majivu ya zamani, na kipande cha chungu, na jiwe la kusagia lililolika katikati. Yule mjukuu alisimama mbali, wala hakusema neno. Nasi tukajua, tusiingie.

Kila msomaji wa Isanzu anajua habari hii, na wengine wanapaswa kuijua. Watawala wa kale wa Isanzu, mwanamume na mwanamke pamoja, walihesabiwa kuwa wenye mvua, na makao yao yalikuwa Kirumi. Hata watu wa nchi jirani walikuja kuomba mvua kwao. Mvua ilipochelewa, kila nyumba ilitoa nafaka, ikatengenezwa pombe, wakatambika kwa wazee waliokufa. Jambo hili halikuisha Injili ilipofika. Wamisionari wa Leipzig walikuja Iramba kabla ya vita ya 1914, na wale wa Augustana kutoka Marekani walifuata katika miaka ya 1920, na Kanisa letu likawa moja katika nchi nzima mwaka 1963. Walakini katika nchi yenye majira moja tu ya mvua, jua linapozidi mwezi wa Januari na mtama unasokotwa shambani, masikio ya watu wengi huelekea tena mlimani.

Hatukumcheka mtu hapo. Wale waliotambika walikuwa ni babu zetu wenyewe, nao walililia jambo lile lile tunalolililia sisi, watoto wao wasife kwa njaa. Katekisimo yetu katika amri ya nne yatufundisha kuwaheshimu baba na mama, wala kifo hakiifuti heshima hiyo. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe kwa heshima. Lakini hatusomi popote kwamba alirudi Makpela kumwomba Sara mvua. Aliwapa wafu heshima yao, na maombi yake akayapeleka kwa Bwana. Mpaka ni huo, nao si mgumu kuuona. Ugumu ni kuushika mwaka wa njaa.

Pango la tatu

Pango la tatu ndilo refu. Mlango wake ni mwembamba, mtu mnene huingia kwa taabu, na ndani yake ni giza na harufu ya popo. Yule mjukuu alituambia alivyosikia kwa wazee, kwamba siku za vita vya kuteka ng'ombe akina mama walifichwa humo pamoja na watoto, na mtoto aliyelia alizibwa kinywa kwa mkono wa mama yake. Tuliketi karibu na mlango, penye mwanga, tukala michembe yetu. Mwalimu akatoa Biblia, akasoma habari za Eliya.

Mnajua jinsi ilivyokuwa. Nchi ilikuwa na ukame mwaka wa tatu. Eliya aliomba juu ya Karmeli, akamtuma mtumishi wake mara saba atazame baharini, hata wingu dogo lilipopanda, lisilozidi mkono wa mtu, na mvua kubwa ikanyesha. Ungedhani kwamba tangu siku hiyo nabii hangeogopa tena. Lakini Yezebeli alimtishia kwa neno moja, naye akakimbia, akaomba afe, akatembea siku arobaini, akaingia pangoni katika Horebu. Tazameni basi: mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, na bado mtumishi wa Mungu yumo gizani. Kumbe mvua hainyweshi moyo. Na huko pangoni Bwana akamwuliza ana shughuli gani mahali pale.

Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, maana sote tulikumbuka lile swali la yule babu chini ya mlima. Ndipo mwenzetu mmoja, mzee wa usharika, mtu anayeketi benchi la mbele kila Jumapili, akaweka chakula chake chini, akasema, "Ndugu zangu, mimi nimo humu tangu miaka miwili."

Ametupa ruhusa kuyaandika maneno yake, ila jina lake na la usharika wake tusiyaandike.

Alisema hivi. Katika usharika wake yuko mama mjane, mwenye watoto wanne. Mwaka ule mvua ilipokatika, watu wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba kukusanya mtama wa tambiko, konzi moja kwa kila nyumba. Yule mama akatoa. Habari zikafika kwa wazee wa Kanisa, wakamwita, wakamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Wakamwuliza kwa nini, hali akijua kwamba amebatizwa na kupakwa mikono. Akajibu, "Mwaka huu wote hakuna aliyepita mlangoni pangu kuuliza kama tumekula. Hao walikuja, wakaketi, wakasema nyumba yangu nayo ni nyumba katika kijiji hiki. Nikawapa konzi moja." Wazee wakashauriana, wakainua mikono, wakamtenga na Meza ya Bwana.

"Nami niliinua mkono," alisema mwenzetu. "Na siku ile ghalani mwangu mlikuwa na magunia sita. Na zaidi ya hayo, watu wale walipopita kwangu niliwafukuza kwa sauti kubwa mchana, ili majirani wasikie. Na usiku nikamtuma kijana apeleke kibaba kizima, kwa maana niliogopa shamba langu litarukwa. Yule mama alitoa konzi moja mchana, akaungama, akatengwa. Mimi nilitoa kibaba usiku, nikanyamaza, nikapokea Chakula cha Bwana. Kila nikipiga magoti pale, naziba kinywa changu kama wale watoto."

Hakuna aliyesema neno. Popo walikuwa wakisogea juu yetu. Sisi nasi tulijihoji, maana wengi wetu tumekaa katika mabaraza ya namna ile, tumeinua mikono ya namna ile.

Mambo tuliyofundishwa

Sasa, wapenzi, tuyatazame Maandiko pamoja, kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja wala la usharika mmoja.

Neno la kwanza ni hili: Bwana alimlisha Eliya kabla ya kumwuliza. Someni tena mlango wa 19. Nabii amelala chini ya mti jangwani, amekata tamaa. Malaika hakuja na maswali. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ni ndefu. Ndipo baada ya siku arobaini swali likaja. Chakula mara mbili, kisha swali. Sisi twageuza: tunaanza na swali, na chakula hakifiki kamwe. Hatusemi kwamba yule mama hakukosa. Alikosa, na alisema mwenyewe. Lakini baraza lililomwuliza halikuwa limempa hata kikombe cha maji. Lilikuwa na haki ya kuuliza kama lingalitangulia kulisha.

Neno la pili ni habari za Obadia. Huyu alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, mtu mkubwa, mwenye la kupoteza. Yezebeli alipowaua manabii wa Bwana, Obadia alichukua watu mia, akawaficha hamsini hamsini katika mapango, akawapa mkate na maji. Kumbukeni ulikuwa ni wakati gani. Mfalme mwenyewe alikuwa akizunguka nchi kutafuta majani ya farasi wake. Maji yalikuwa haba kuliko fedha. Na mtu huyu kila siku anachukua maji ya watu mia, kwa siri, anapanda nayo mlimani. Hakuhubiri neno hata moja ambalo limeandikwa. Kazi yake ilikuwa kupanda na mkate.

Na tazameni ajabu hii. Eliya alipokuwa pangoni mwake alimlalamikia Bwana kwamba amebaki peke yake. Lakini Obadia alikuwa amekwisha kumwambia habari za wale mia! Zimo katika mlango wa 18. Eliya alikuwa amezisikia, akazisahau. Hofu ilimfanya aone pango moja tu katika dunia, lake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa mwenzetu miaka miwili: alidhani kwamba hakuna mwingine gizani, kumbe hatua mia nne kutoka nyumbani kwake yuko mama katika giza lile lile, naye ndiye aliyemfungia mlango. Bwana akamwambia Eliya kwamba amejiachia watu elfu saba. Mtu akijificha hawezi kuwaona ndugu zake. Akitoka ndipo anawahesabu.

Neno la tatu: Bwana hakumwacha pangoni. Ulipita upepo wa kuvunja miamba, na tetemeko, na moto. Na baada ya hayo sauti ndogo ya utulivu. Swali likaulizwa mara ya pili, na Eliya akajibu vile vile kama mara ya kwanza, neno kwa neno. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Na bado Bwana hakumfukuza, wala hakumngoja apone kwanza. Alimpa kazi, akamwambia arudi njia aliyoijia. Neema ya Mungu si hii kwamba tukae salama mafichoni. Baba yetu Martin Luther naye alifichwa, mwaka 1521, katika ngome ya Wartburg, watu wakidhani amekufa. Huko alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Na mwezi wa Machi mwaka 1522, hali hatari ikingalipo, alitoka akarudi kwa kundi lake lililokuwa likitawanyika. Mafichoni ni mahali pa kupita, kama lile pango la Adulamu alimojificha Daudi, siyo mahali pa kujenga.

Na juu ya mvua tuseme neno moja wazi. Bwana Yesu ametufundisha kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Basi haiuzwi. Haiuzwi kwa konzi ya mtama pangoni. Lakini pia haiuzwi kwa sala zetu za kanisani, kama wengine wadhanivyo, wakihesabu mikesha na sadaka kama malipo, na mvua ikichelewa hukasirika kama mtu aliyedhulumiwa dukani. Anayeomba kwa Kristo kama mnunuzi hajatoka pangoni bado. Amebadilisha mlango tu. Sisi twaomba kama watoto kwa baba. Mtoto huomba, hulia, hungoja, na hagawi mwaminifu wake kwa mwingine siku baba anaponyamaza.

Yaliyofuata

Tulishuka jua likipungua. Yule babu alikuwa bado ameketi kivulini mwake. Hakutuuliza tumepata nini. Tulimwachia karanga zilizobaki, tukamshukuru, tukaenda zetu.

Mwenzetu hakungoja. Jumapili iliyofuata aliomba wazee wakutane, akasema mbele yao yote aliyotuambia pangoni, bila kupunguza. Akatubu, mchungaji akamtangazia ondoleo la dhambi kama ilivyo desturi ya Kanisa letu. Kisha baraza likaifuta hukumu yake juu ya yule mama, likaandika kwamba lilikosa kumhukumu kabla ya kumtembelea. Hili nalo lilikuwa gumu, maana baraza halipendi kuandika makosa yake lenyewe.

Ndipo wakaenda nyumbani kwake, wakimchukulia debe mbili za mtama. Mwenzetu alipiga magoti mbele ya mlango, akaomba msamaha. Yule mama alimtazama muda mrefu. Akasema, "Mtama nimeupokea, baba, watoto watakula. Hilo lingine nitawaambia baadaye."

Tungependa kuwaandikia kwamba amerudi kanisani. Hata tunapoandika hajarudi. Watoto wake wawili wanakuja Shule ya Jumapili. Mwenzetu hupita mlangoni pake kila juma, hubisha hodi, huuliza wameamkaje, kisha huenda shambani. Amesema kwamba atafanya hivyo hata afe, kama yule mama atarudi au hatarudi, maana hakuanza kumtembelea ili amrudishe. Anamtembelea kwa sababu nyumba yake nayo ni nyumba.

Basi, walimu na wazee, twawasihi mambo machache, nayo si makubwa. Kabla baraza halijamwita mtu yeyote kwa habari ya tambiko, mwulizane kwanza: ni nani kati yetu aliyeingia nyumbani kwake mwezi huu? Kama hayupo, ahirisheni baraza, mwende kwake. Wakati wa mavuno, kila nyumba ya Kikristo itenge kibaba, kiwekwe katika ghala la usharika, ili mwaka wa jua kali mjane asikie kwamba anahesabiwa, na asihesabiwe na watu wa mlimani tu. Wanaoshawishiwa na wachimbaji wa mali ya Wajerumani, waambieni ukweli kwa upole, na mapango yenye michoro myalinde, kwa sababu hata wale waliochora twiga na pofu waliona kazi ya mikono ya Mungu wakaistaajabia. Na wewe usomaye haya peke yako, ambaye una kibaba chako ulichokipeleka usiku: mchungaji wako yupo, na swali lile limekwisha kukufikia. Jibu, kisha utoke.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani kabla ya kumwuliza neno, utusamehe sisi tuliouliza bila kulisha. Wewe wayajua mapango yetu, na wanaojificha ndani yake. Uwatume akina Obadia wenye mkate na maji. Utupe mvua kwa wakati wake katika nchi ya Isanzu na Iramba na Singida yote. Na ikichelewa, utushike tusikuache. Yule mama, na wote waliofungiwa mlango kwa mikono yetu, uwafungulie mwenyewe. Kwa Yesu Kristo, aliyelazwa kaburini mwambani, nawe ukamtoa siku ya tatu. Amina.